Jino Zima, Taya Dhaifu

Mara nyingine jino lisilo na tundu hata moja hulegea, kisha hung'oka. Kwa nini? Jino husimama katika mfupa wa taya kama nguzo katika udongo. Udongo ukipungua, nguzo hutikisika.

Adui wa kwanza wa mfupa huo ni uchafu ugandao penye ufizi na kuutia ugonjwa. Lakini chakula nacho kina neno. Katika kila sehemu 100 za kalsiamu ya mwilini, 99 zimo katika mifupa na meno. Moyo na misuli huihitaji kalsiamu ya damu; basi chakula kisipoileta, mwili huikopa mifupani. Deni lisipolipwa, mifupa hudhoofika, na taya nalo ni mfupa.

Mtu mzima ahitaji kadiri ya miligramu 1000 kila siku. Sisi wa kando ya Tanganyika tunao ndagala: tuwale pamoja na mifupa yao. Tuongeze maziwa na mboga za majani. Mama mwenye mimba au anyonyeshaye asiachiwe mchuzi mtupu. Tena tusugue meno asubuhi na jioni. Mwili ni amana ya Mungu, tuutunze.