Daiodi ya Ulinzi Ikifia Ndani ya Epoksi

Bodi nyingi za kielektroniki zinazofanya kazi juani na mvuani, kwenye pikipiki, malori na pampu za sola, humwagiwa epoksi, silikoni au poliurethani mpaka hakuna kinachoonekana. Sababu zake ni za kweli: unyevu haupenyi kirahisi, vumbi halikai, na barabara mbovu hailegezi maungio. Balaa huanza siku kifaa kinapogoma. Fundi hupewa bonge jeusi lenye nyaya tatu au nne, hana cha kutazama, na hukumu hutoka papo hapo: imeungua, nunua nyingine. Hukumu hiyo huruka swali la kwanza kabisa, yaani kimeungua nini na kimeunguzwa na nini. Mtuhumiwa wa kuanza naye ni daiodi ya ulinzi, kipande kidogo kilichowekwa pale kusudi kife badala ya vingine.

Kwa kawaida daiodi hupitisha umeme upande mmoja tu. Katika kazi ya ulinzi hufungwa kwa namna mbili. Moja hukaa kwenye njia ya waya wa chanya, ili betri ikifungwa kinyume umeme usiingie kabisa. Nyingine hukaa kati ya chanya na hasi bila kufanya lolote hadi volti zipande kupita kiasi. Hapo hufungua njia na kuumwaga umeme wa ziada usifike kwenye chipu. Ugumu wa kazi hii ya pili unaonekana kwenye hesabu. Gari la volti 12 huchaji kwa kiasi cha volti 13.8 hadi 14.5. Lakini kwa tukio la waya wa betri kuchomoka wakati alteneta inachaji, kiwango cha kimataifa cha ISO 16750-2 hupima vifaa kwa msukumo wa volti 79 hadi 101 unaoweza kudumu milisekunde 400. Daiodi ndogo ya wati 600, inayopatikana kwenye bodi nyingi, hupewa sifa hiyo kwa msukumo unaoshuka hadi nusu ndani ya milisekunde 1. Ikikutana na ule wa gari, hufa, na kwa kawaida hufa kwa shoti. Kwa hiyo daiodi iliyokufa ni shahidi: kosa limetendeka nje, kwenye terminali iliyolegea, betri iliyogeuzwa au mfumo wa kuchaji uliopoteza kipimo.

Ushahidi huo unaweza kuchukuliwa bila kukwaruza epoksi. Chomoa kifaa kwenye betri, weka mita kwenye alama ya daiodi, kisha pima kati ya waya wa chanya na wa hasi pande zote mbili. Mita ikionyesha karibu sifuri huku na huku, kuna shoti. Waya mwekundu wa mita ukiwa kwenye hasi na mweusi kwenye chanya, volti 0.5 hadi 0.7 kwa kawaida ni dalili kwamba daiodi ya kati ya nyaya bado ni nzima. Kama mita haisomi chochote pande zote, huenda daiodi ya njiani au uungio wake umekatika, ingawa zipo daiodi za pande mbili ambazo hata zikiwa nzima husoma hivyo. Dawa ni kulinganisha na kifaa kizima cha aina ileile. Na kama kifaa hufa kikipata moto na kufufuka kikipoa, shuku maungio kabla ya daiodi. Epoksi isiyochanganywa na unga wa madini hutanuka kwa joto mara tatu au zaidi ya bodi yenyewe, na mvutano huo wa kila siku hupasua risasi.

Wapo watakaosema muda wote huu ni wa nini, ilhali kifaa kipya ni bei rahisi. Kipya kikifungwa kwenye terminali ileile iliyolegea, kitaifuata njia ya kilichotangulia, na mwenye chombo atalipa mara mbili. Wengine huchimba, huing'oa daiodi yenye shoti, na kifaa huwaka tena. Kinawaka kweli, lakini msukumo unaofuata utaishia kwenye chipu. Tena, kuchimba kwa moto kuna hatari: poliurethani ikiunguzwa hutoa moshi wa isosianeti unaodhuru mapafu.

Hoja nzito zaidi ni ya watengenezaji, kwamba daiodi ikikaa mbali na saketi, urefu wa waya hupunguza kasi yake. Hilo ni kweli kwa misukumo ya haraka sana, na kwa hiyo daiodi ndogo na ibaki ndani. Betri iliyogeuzwa na msukumo wa alteneta ni mambo ya milisekunde na zaidi. Daiodi kubwa iliyo nje, pamoja na fyuzi iliyotangulia, hutosha kuyakabili. Bila fyuzi, daiodi ya kati ya nyaya haina kinga dhidi ya betri inayoweza kumwaga mamia ya ampea. Watengenezaji, toeni nje ya epoksi kile mlichokiweka ili kife. Na wewe mwenye pikipiki au lori, kabla hujanunua kifaa kipya, kaza terminali za betri, pima volti za kuchaji injini ikiwa inaunguruma, na ufunge fyuzi ya ukubwa unaostahili.