Bei ya Kumiliki Nyumba Kwenye Njia ya Vimbunga

Nyumba iliyo katika ukanda wa vimbunga hununuliwa mara moja, lakini hatari yake hulipiwa kila mwaka. Juu ya bei ya kiwanja na jengo kuna bima ya upepo, bima ya mafuriko, matengenezo ya paa, na akiba ya kuziba sehemu ya hasara ambayo hakuna bima itakayoilipa. Mnunuzi anayepiga hesabu ya mkopo peke yake anakuwa amehesabu nusu tu ya mzigo alioubeba.

Mahali panapoonyesha jambo hili waziwazi ni jimbo la Florida, kusini-mashariki mwa Marekani. Florida ni rasi: upande wa mashariki ina Bahari ya Atlantiki, upande wa magharibi ina Ghuba ya Mexico, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni tambarare isiyoinuka sana kutoka usawa wa bahari. Mwaka 1950 jimbo hilo lilikuwa na watu wasiofika milioni 3. Leo lina zaidi ya milioni 22, na wengi wao wanaishi karibu na maji. Bima ya nyumba huko ni miongoni mwa bima ghali kabisa nchini Marekani.

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 na kumalizika Novemba 30. Vimbunga hivyo ni dhoruba za jamii moja na zile za Bahari ya Hindi, kama Idai iliyoipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, na Hidaya iliyofika karibu na kisiwa cha Mafia Mei 2024. Vimbunga vya Atlantiki hupangwa katika madaraja matano. Daraja la kwanza huanzia upepo wa kilomita 119 kwa saa, na la tano huanzia kilomita 252. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana katika tarakimu, kwa sababu upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma ukuta huongezeka mara nne.

Upepo una bima yake, maji yana bima yake

Jambo la kwanza linalowashangaza wanunuzi wapya ni kwamba bima ya kawaida ya nyumba haifidii mafuriko. Hulipa upepo ukiezua paa, mti ukiangukia ukuta, au mvua ikiingia kupitia tundu lililofunguliwa na upepo. Maji yakitoka chini, yaani bahari ikisukumwa nchi kavu na dhoruba au mto ukivunja kingo zake, bima hiyo hailipi kitu.

Makampuni binafsi yalijitoa katika bima ya mafuriko miaka mingi iliyopita, na mwaka 1968 serikali kuu ya Marekani ikaanzisha Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko. Mpango huo hulipa hadi dola 250,000 kwa jengo la makazi na hadi dola 100,000 kwa vyombo vya ndani. Haulipi kodi ya nyumba ya muda wakati familia inasubiri ukarabati. Tena, kwa kawaida bima hiyo huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kukatwa, kwa hiyo haina msaada kwa mtu anayeikimbilia baada ya kusikia kimbunga kinakuja. Bima ya upepo nayo haipatikani dakika za mwisho, kwani makampuni husimamisha kupokea wateja wapya dhoruba inapokaribia.

Sheria inamlazimu mwenye mkopo unaosimamiwa au kudhaminiwa na serikali kuu kuwa na bima ya mafuriko ikiwa nyumba yake imo katika eneo lililochorwa kuwa la hatari kubwa. Eneo hilo ni lile lenye uwezekano wa angalau asilimia 1 wa kufurika katika mwaka wowote. Asilimia 1 husikika ndogo, lakini katika miaka 30 ya mkopo inafikia takriban asilimia 26, yaani nafasi zaidi ya moja katika nne. Walio nje ya mstari wa ramani hawalazimishwi, na wengi hawakati bima hiyo. Mstari wa ramani hauzuii maji. Septemba 2024 kimbunga Helene kilitua Florida, kisha mvua zake zikaleta mafuriko katika milima ya North Carolina, mamia ya kilomita kutoka pwani. Huko ni kaya chache sana zilizokuwa na bima ya mafuriko.

Kutenganisha upepo na maji kwenye karatasi ni rahisi. Kuvitenganisha baada ya dhoruba ni vigumu. Kimbunga Katrina kilipopiga pwani ya Mississippi mwaka 2005, nyumba nyingi zilibaki msingi mtupu. Wenye nyumba walisema upepo ulizibomoa kabla bahari haijafika. Makampuni yalisema ni maji. Mashauri yalichukua miaka mahakamani, na familia zilizokuwa zimelipa bima bila kukosa zilisubiri zikiwa hazina pa kuishi. Katika pwani ya Texas mgawanyo umeenda mbali zaidi, kwani mkazi anaweza kuhitaji hati tatu: ya kawaida, ya upepo kutoka shirika maalumu la jimbo, na ya mafuriko.

Hasara anayobaki nayo mwenye nyumba

Karibu kila bima humtaka mteja abebe sehemu ya kwanza ya hasara. Kwa moto au bomba lililopasuka, sehemu hiyo ni kiasi maalumu, kwa mfano dola 1,000. Kwa kimbunga, kwa kawaida hesabu hubadilika na kuwa asilimia, nayo si asilimia ya hasara bali ya thamani yote ambayo nyumba imekatiwa bima. Katika Florida viwango vilivyozoeleka ni asilimia 2, 5 na 10.

Nyumba iliyokatiwa bima ya dola 400,000 kwa kiwango cha asilimia 2 humwachia mwenyewe dola 8,000 za kwanza. Kwa asilimia 5 anabeba dola 20,000. Kimbunga kikimharibia paa kwa dola 15,000, huyu wa pili hapati hata senti, ingawa bima yake ni hai. Wengi huchagua asilimia kubwa ili kupunguza malipo ya mwaka. Uamuzi huo ni salama kwa mwenye akiba benki. Kwa asiye nayo, ameahirisha tu deni lake hadi siku ya dhoruba.

Mwaka 2004 vimbunga vinne, Charley, Frances, Ivan na Jeanne, viliipiga Florida ndani ya muda wa wiki sita hivi, na baadhi ya familia zikatakiwa kubeba sehemu hiyo zaidi ya mara moja. Baadaye sheria ya jimbo ilibadilishwa ili, kwa mteja wa kampuni ile ile, sehemu ya kimbunga ihesabiwe mara moja kwa mwaka.

Hati ya bima ina kifungu kingine cha kusomwa kwa makini: namna ya kuhesabu fidia. Baadhi hulipa gharama ya kujenga upya. Nyingine hulipa thamani ya kitu baada ya kuondoa uchakavu, na hapo paa la miaka 15 linaweza kufidiwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya paa jipya.

Kwa nini malipo hupanda

Bima hufanya kazi vizuri pale ambapo wengi wanachanga na wachache wanapatwa. Moto huunguza nyumba moja mtaani, na michango ya majirani hutosha kuijenga. Kimbunga hakichagui nyumba moja. Makumi ya maelfu ya wateja wa kampuni ile ile huweza kudai fidia katika wiki moja.

Somo hilo lilitolewa na kimbunga Andrew. Tarehe 24 Agosti 1992 kilipiga kusini mwa Miami kikiwa cha daraja la tano na kuharibu kabisa makumi ya maelfu ya nyumba. Fidia zilifika takriban dola bilioni 15, na makampuni yasiyopungua manane ya bima yalifilisika. Yaliyosalia yaligundua kwamba kwa miaka mingi yalikuwa yakiuza bima kwa bei isiyolingana na hatari.

Tangu hapo makampuni hutegemea zaidi bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni ya bima yenyewe hukata kwa makampuni makubwa ya kimataifa, mengi yakiwa Ulaya na Bermuda. Mikataba ya Florida kwa kawaida huanza upya Juni 1, siku ya kwanza ya msimu. Bei ya bima mtawanyo ikipanda baada ya maafa popote duniani, ongezeko hilo humfikia mwenye nyumba. Bei za mbao, vigae na mafundi hupanda pia kila baada ya dhoruba, kwa sababu maelfu ya familia hutafuta fundi yule yule wakati mmoja.

Baada ya kimbunga Wilma mwaka 2005, Florida haikupigwa na kimbunga kwa zaidi ya miaka kumi. Watu waliendelea kuhamia na kujenga. Kisha vikafuatana Irma mwaka 2017, Michael mwaka 2018 na Ian mwaka 2022. Ian peke yake kilileta hasara ya takriban dola bilioni 112, na huko Fort Myers Beach bahari ilipanda mita 3 hadi 4.5 juu ya ardhi. Mashauri nayo yaliongeza mzigo: Florida ilikuwa na chini ya asilimia 10 ya madai ya bima ya nyumba nchini, lakini ilibeba zaidi ya asilimia 70 ya kesi. Desemba 2022 jimbo lilibadilisha sheria ili kupunguza kesi hizo.

Mkopaji mwenye riba isiyobadilika hawi salama kwa sababu hiyo tu. Benki nyingi hukusanya fedha za bima pamoja na marejesho ya kila mwezi, kwa hiyo malipo hupanda ingawa riba haijasogea. Akiacha kukata bima, benki humkatia yenyewe na kumtoza. Bima hiyo kwa kawaida ni ghali zaidi, nayo hulinda mkopo wa benki, si vyombo vya familia.

Pale makampuni yanapokataa

Mwaka 2002 Florida iliunda Citizens Property Insurance Corporation, shirika lisilo la faida la kuwakatia bima wasiopata kampuni binafsi. Makampuni yalipofilisika au kuondoka, shirika hilo lilivimba hadi kuwa na hati zaidi ya milioni 1.4 mwaka 2023, kabla ya kushuka chini ya milioni 1 mwishoni mwa 2024 baada ya wateja kuhamishiwa makampuni mengine. Fedha zake zikiisha, sheria inaliruhusu kukusanya mchango, kwanza kwa wateja wake, kisha hata kwa watu wengine wenye bima, ikiwemo ya gari. Hatari haikufutwa, imegawanywa kwa watu wengi zaidi, na baadhi yao hawaishi karibu na bahari.

Gharama nyingine huja na kanuni za ujenzi. Katika maeneo ya mafuriko, nyumba ikiharibika kiasi kwamba ukarabati unafikia asilimia 50 ya thamani ya jengo, haitengenezwi kama ilivyokuwa, bali lazima ifikishwe kwenye kanuni za sasa, mara nyingi kwa kuinuliwa juu ya nguzo. Wanaoishi katika maghorofa nao wamepandishiwa michango. Baada ya jengo la Champlain Towers South huko Surfside kuporomoka Juni 24, 2021 na kuua watu 98, sheria ilitaka majengo ya zamani yenye ghorofa tatu au zaidi yakaguliwe na wamiliki waweke akiba ya matengenezo makubwa.

Fedha inayopunguza hatari

Uchunguzi baada ya Andrew ulionyesha kwamba nyumba nyingi zilivunjwa na ujenzi mbovu: mbao za paa zilizopigiliwa ovyo na kenchi zisizofungwa vizuri kwenye kuta. Nyumba huanza kufa mahali padogo. Dirisha au mlango wa gereji ukivunjika, upepo huingia na kusukuma paa kutoka ndani, huku upepo wa juu ukilivuta kutoka nje, mpaka linang'oka.

Ndiyo maana Kanuni za Ujenzi za Florida, zilizoanza kutumika mwaka 2002, zinasisitiza mikanda ya chuma inayofunga kenchi kwenye ukuta, vioo visivyopasuka kirahisi au vifuniko vya madirisha, na milango imara ya gereji. Paa lenye miteremko pande zote nne hustahimili upepo kuliko lenye kuta za pembetatu kwenye ncha zake. Sheria huyataka makampuni yapunguze malipo kwa nyumba zenye kinga hizi, na mpango wa jimbo uitwao My Safe Florida Home hugharimia ukaguzi na kutoa ruzuku ya hadi dola 10,000 kwa wanaostahili. Kimbunga Michael kilipoufagia mji wa Mexico Beach, Florida, mwaka 2018, nyumba moja ya zege iliyoinuliwa juu ya nguzo ndefu ilibaki imesimama kati ya vifusi vya majirani.

Ulinzi huo bado hauwafikii wote. Aliyemaliza kulipa mkopo halazimishwi na benki, na wazee wenye kipato kidogo huweza kuacha bima inapowashinda. Wakiwa na mapaa ya zamani, kimbunga kimoja huweza kuwafutia mali ya maisha yote. Jimbo linalotaka watu wake waendelee kuishi pwani halina budi kuimarisha mapaa hayo kwanza, na kila mnunuzi hana budi kuuliza maswali manne kabla ya kusaini: paa lina umri gani, sakafu iko juu kiasi gani kutoka usawa wa maji, bima zote kwa pamoja ni kiasi gani kwa mwaka, na sehemu ya hasara atakayobeba mwenyewe ataitoa wapi. Nyumba ambayo majibu yake hayaendani na kipato cha mnunuzi ni ghali kwake, hata kama bei yake ni ndogo.