Jiko la Mkaa, Kipupwe na Mwanya wa Paa

Kipupwe katika Bonde la Kilombero, nchini Tanzania, si baridi kali ukikilinganisha na cha nyanda za juu zinazolizunguka. Mji wa Ifakara uko kwenye uwanda wa mafuriko usiofika mita 300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto lake hushuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, kiasi ambacho mtu mzima mwenye blanketi hakijali sana. Hata hivyo, kwa mzazi aliyetoka kujifungua, kwa kichanga chake, na kwa mzee anayelala chini ya mabati yanayopoteza joto mara tu jua linapotua, baridi hiyo hutosha kuwa sababu ya kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Anayepanda treni ya TAZARA kutoka Ifakara kupitia Mlimba hadi Makambako, penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, na kisha akaendelea kwa barabara hadi Njombe na Makete, ambako miezi hiyohiyo huleta sakitu, yaani umande ulioganda juu ya majani, hukuta desturi hiyo imekuwa jambo la kila usiku. Na ni huko nyanda za juu ambako habari za watu waliolala na jiko wasiamke husikika mara nyingi zaidi.

Hatari ya jiko hilo hutokana na sifa ileile inayolifanya lipendwe. Mkaa ni mti uliochomwa ndani ya tanuri la udongo kwa hewa kidogo sana, hata maji na sehemu kubwa ya vitu vinavyotoa moshi vikaondoka, ikabaki kaboni karibu tupu. Kwa hiyo unapowaka hautoi moshi wa kuwasha macho kama kuni, na aliyemo chumbani huamini kwamba hewa ni safi. Kinachotokea ndani ya jiko ni tofauti. Oksijeni inayoingia kupitia matundu ya chini huungana na kaboni na kufanya kaboni dioksidi, gesi ambayo binadamu huitoa kila anapopumua; lakini gesi hiyo inapopanda kupitia makaa mekundu yaliyo juu yake hukutana na kaboni nyingine yenye joto kali, ikagawana nayo oksijeni yake, na matokeo yake ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Miali ya buluu inayocheza juu ya jiko lililokolea ni gesi hiyo ikiungua inapokutana na hewa, na pale miali inapozimika, makaa yakiwa yamefunikwa majivu meupe na mwenye nyumba akidhani jiko sasa limetulia, gesi huendelea kutoka bila kuungua.

Ikiingia mapafuni, kaboni monoksidi hushikamana na himoglobini, yaani ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo kiasi kidogo tu hewani kikivutwa kwa saa kadhaa huweza kuteka sehemu kubwa ya damu. Mtu huanza kuumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha miguu huishiwa nguvu na akili huchanganyika. Aliyelala hupita hatua hizo zote pasipo kuamka. Mjamzito yumo katika hatari ya pekee, kwa sababu damu ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hiyo zaidi na kuiachia polepole kuliko ya mama yake.

Nchi zenye baridi kali zilizochoma makaa ya mawe majumbani kwa vizazi vingi zililijua jambo hili, na jibu lao la msingi lilikuwa dohani, yaani bomba au mfereji wa kujengea unaochukua hewa ya moto na gesi zake na kuzitoa juu ya paa. Dohani haikuondoa uchafu bali iliuhamisha: London, mwezi Desemba 1952, moshi wa majiko na viwanda ulinaswa pamoja na ukungu kwa siku tano, ukaua watu wasiopungua 4,000, na Uingereza ikatunga sheria ya hewa safi mwaka 1956. Mfano wa karibuni zaidi, na wenye mafunzo mengi kwa Tanzania, ni wa Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, ambao mwaka 2019 ulipiga marufuku makaa ya mawe ghafi na kuwapa wakazi matofali ya makaa yaliyosindikwa. Moshi ulipungua, lakini katika kipupwe cha kwanza kilichofuata watu kadhaa walikufa kwa kaboni monoksidi, kwa kuwa majiko na mabomba yaliyozoea nishati ya zamani hayakulingana na ile mpya.

Mfano huo unahusu Kilombero moja kwa moja. Tanzania ina makaa ya mawe mengi upande wa pili wa milima, huko Mchuchuma, Ngaka na Kiwira, na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, limeanza kuyageuza kuwa mkaa mbadala wa kupikia ili kupunguza ukataji wa miti. Kwa misitu inayolizunguka bonde hilo nafuu hiyo ni ya kweli. Kwa mapafu ya aliyelala chumbani, kaboni ni kaboni, iwe imetoka kwenye mti wa miombo uliokatwa mwaka jana au kwenye mimea iliyofukiwa zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, na tangazo lolote la nishati isiyo na moshi linapaswa kusomwa kwa tahadhari hiyo.

Kilichowanusuru wakazi wengi wa bonde hadi sasa ni ujenzi wa nyumba zao. Nyumba ya zamani ya udongo na nyasi, na hata nyingi za tofali za kuchoma, huacha mwanya baina ya kichwa cha ukuta na paa, na hewa ya moto hupanda na kutokea hapo usiku kucha. Mwanya huohuo ndio mlango mkuu wa mbu. Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo mizizi yake ni maabara ya watafiti wa Uswisi waliofika mjini hapo katikati ya karne iliyopita, imechunguza kwa miaka mingi jinsi mbu waenezao malaria wanavyofuata hewa yenye pumzi na harufu ya watu inayovuja juu ya ukuta, na ushauri wa kuziba mwanya, kuweka dari na kutia nyavu madirishani una msingi thabiti. Nyumba mpya za Ifakara hujengwa hivyo, na ni maendeleo ya kushukuriwa.

Ila fundi anayeziba mwanya huo anaziba pia dohani pekee ambayo nyumba hiyo imewahi kuwa nayo, na ni nadra mwenye nyumba kuambiwa hivyo. Jiko ambalo kwa miaka 10 liliingizwa ndani bila madhara makubwa huwa kitu kingine baada ya wiki moja ya kazi ya saruji, ingawa jiko ni lilelile na mkaa ni uleule. Njia ya kati ipo: watafiti wa taasisi hiyo wamejaribu tepe za kitambaa cha gunia zilizotiwa dawa ya kufukuza mbu na kufungwa kuuzunguka mwanya, zikiacha hewa ipite, na wavu mzuri wa waya nao huruhusu hewa, ijapokuwa huipunguza. Hata hivyo, hakuna kati ya hivyo kinachoweza kuhesabiwa kuwa kinga dhidi ya jiko linalowaka usiku mzima. Anayetaka kuota moto aote nje au katika jiko la uani, kisha alale kwa mablanketi, na maji ya moto yaliyotiwa kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa yatapasha kitanda cha mzee bila kutoa gesi yoyote. Kichanga hupata joto salama zaidi kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi.

Katika wilaya ambako maumivu ya kichwa, kichefuchefu na uchovu wa asubuhi hufikiriwa kwanza kuwa malaria, sumu ya jiko huweza kupita zahanati bila kutambuliwa. Dalili za kuitenga zipo: mgonjwa hana homa, kipimo cha malaria hakioneshi kitu, waliolala chumba kimoja wanaumwa pamoja, na wote hupata nafuu wakikaa nje. Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakisaidii hapa, kwa maana hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyotekwa na kaboni monoksidi, na huonesha namba nzuri kwa mtu anayeelekea kuzimia. Katika hewa ya kawaida damu huhitaji saa nne au tano kuondoa nusu ya gesi hiyo, na kwa oksijeni safi huhitaji takriban saa moja, hivyo swali la iwapo jiko lililala ndani linapaswa kuulizwa mapema, kabla mgonjwa hajapewa dawa na kurudishwa kwenye chumba kilekile.