Pepopunda: Adui Asiyewaamsha Walinzi wa Mwili

Adui wa kuogopwa zaidi kambini ni yule apenyaye bila mlinzi kugutuka. Hivyo ndivyo walivyo bakteria wa pepopunda.

Bakteria hao hukaa udongoni na katika kinyesi cha ng'ombe, mbuzi na farasi. Hujifungia ndani ya gamba gumu wakangoja miaka mingi. Hata maji yachemkayo yaweza yasiwaue. Hawaoti penye hewa, kwa hiyo hupenda jeraha lenye kina: la msumari, mwiba au risasi, ama kitovu cha mtoto mchanga kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa samadi.

Bakteria wengi wakiingia mwilini huzusha vita vya wazi. Jeraha huvimba, joto hupanda, na chembe nyeupe za damu hukusanyika zikawameza wavamizi. Kisha mwili hutengeneza kingamwili, yaani silaha zilizoundwa kwa ajili ya adui yule mmoja, na mara nyingi huweka kumbukumbu yake hata akirudi apigwe mapema.

Pepopunda haifuati desturi hiyo. Bakteria wake hubaki pale pale jerahani, wakitoa sumu. Sumu hupanda kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo, na huko huzima amri zinazoituliza misuli. Basi misuli hukaza bila kuachia: aghalabu taya kwanza, halafu shingo na mgongo, mpaka kifua kishindwe kuvuta pumzi. Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku ya 3 na ya 21. Mtoto mchanga hunyonya vizuri siku 2 za kwanza, kisha hushindwa kunyonya, na akiguswa hukakamaa. Majirani wakisema ameingiwa na pepo, wakati wa kumwokoa hupotea.

Sumu hii ni kali mno, hata kiasi kitoshacho kuua ni kidogo kuliko kile kiwezacho kuuamsha mwili ujitengenezee kinga. Kwa hiyo aliyepona pepopunda aweza kuugua tena, naye sharti achanjwe kama wengine.

Mwaka 1890, mjini Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu hiyo yaweza kumkinga mnyama mwingine. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 majeruhi walidungwa maji ya damu ya farasi, lakini kinga hiyo ya kuazima haikudumu. Katika miaka ya 1920 wataalamu wa Ufaransa waliitia sumu yenyewe formalini na joto hadi ikapoteza ukali, huku mwili ukiweza bado kuitambua. Hiyo ndiyo chanjo. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani liliwachanja askari wake, na walioripotiwa kuugua pepopunda walikuwa 12 tu.

Maradhi haya hayaambukizi kutoka mtu hadi mtu, na kwa sababu hiyo chanjo ya jirani haikukingi wewe. Lakini mama mjamzito aweza kumgawia mwanawe kinga yake, kwani kingamwili hupita kwenye kondo la nyuma zikamfikia mtoto. Kwa njia hiyo, pamoja na uzazi safi, Uganda ilithibitishwa mwaka 2011 kuwa imeshusha pepopunda ya watoto wachanga chini ya mgonjwa 1 kwa kila watoto 1,000 wazaliwao hai katika kila wilaya. Lakini bakteria wangalimo udongoni.

Kwa hiyo, mama mjamzito ambaye hajapata kuchanjwa apate sindano 2 zenye nafasi ya wiki 4 au zaidi, ya pili angalau wiki 2 kabla ya kujifungua. Mtoto achanjwe akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya, wala kisipakwe kitu kichafu. Naye askari aliyechomwa na msumari aoshe jeraha kwa maji na sabuni, aende zahanati siku ile ile, hata kama damu imekwisha kukatika.