Saksesi au Jikaze?

Katika miaka ya 1990, msimu wa mitihani ulipowadia, wachuuzi wa Barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi walianika kadi za saksesi mithili ya nguo za mitumba. Mwaka mmoja nilimnunulia mpwa wangu wa Kawangware, aliyekuwa mtahiniwa wa kidato cha nne, kadi yenye maua na neno hilo kwa herufi za dhahabu. Akaisoma, akainamisha kichwa, kisha akaniuliza: “Mjomba, na nisipofaulu je?”

Sikuwa na jibu.

Swali hilo lilinirudia nilipofahamu jinsi Wakorea wanavyotiana moyo. Wao pia wamekopa kwa Mwingereza. Wamelitwaa neno “fighting”, maana yake kupigana, na kwa kuwa lugha yao haina sauti ya f, hulitamka “paiting” au “hwaiting”. Mwingereza mwenyewe hamtakii mtu heri kwa neno hilo. Wakorea wamelivua ngumi, wakalivisha maana ya “usikate tamaa”. Aghalabu mwezi wa Novemba, wakati ambapo watahiniwa wetu wa KCSE nao huwa wamo vyumbani, vijana wa Korea Kusini huingia katika Suneung, mtihani wa kujiunga na vyuo vikuu. Wadogo zao wa shule wamezoea kusimama langoni wakiwapigia ukelele huo.

Msomaji mpendwa, silaumu kukopa. Hata “heri” na “mtihani” tulivikopa kwa Mwarabu, na leo ni vyetu. Ninachouliza ni hiki: neno tulilolikopa linamwambia nini mtoto? “Saksesi” hutaja mwisho wa safari, nao haumo mikononi mwake kikamilifu. Neno la Wakorea hutaja juhudi, nayo imo.

Nasi tunalo neno la namna hiyo. Mwalimu wa sarufi atakueleza kwamba kiambishi “ji” katika “jikaze” na “jipe moyo” humrudishia mtenda kitendo chake. Hakuna alama inayoweza kumpokonya.

Hata hivyo, “jikaze” tupu huweza kuwa amri kavu. Kwa hiyo nilichukua kalamu, nikaandika nyuma ya kadi ile: “Jikaze, mpwangu. Matokeo yawe yawayo, kwangu ni kwako.”

Alitabasamu, akaitia kadi ndani ya daftari lake la hesabu.