Kufunga mwamba wa pweza: kazi kubwa iko siku ya kufungua

Juzi hapa Gombani kijana mmoja mkulima wa mwani alinisimamisha na ndoo yake. Pweza wanane, hakuna hata mmoja anayefika nusu kilo. Mchuuzi kamtajia bei ya kutupa. Akaniuliza, "Bwana shamba, hivi wale pweza wakubwa wamekwenda wapi?"

Hawajakwenda popote. Tunawavua kabla hawajawa wakubwa.

Pweza wa miamba yetu haishi sana, mwaka mmoja au mmoja na nusu hivi. Lakini anakua mbio: mdogo akiachwa, uzito wake unaweza kukaribia mara mbili kwa mwezi. Sasa piga hesabu ya wale wanane, kwa bei ya kilo unayoijua wewe. Jike naye hutaga mara moja tu. Anajifungia shimoni, halili, analinda mayai mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Ukimchokoa humo umeondoka na uzao mzima.

Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba yetu, kamati ya uvuvi ya shehia ikisaidiwa na mtandao wa Mwambao ilifunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache. Sehemu tu, jamani, si mwamba wote, ili watu wabaki na pa kuchokoa. Huko Andavadoaka, Madagascar, walianza mtindo huu mwaka 2004.

Kufunga ni rahisi. Shughuli ni siku ya kufungua. Bamvua limetoka, shehia nzima iko mwambani, pweza wanatoka kwa mkupuo, na kama mchuuzi ni mmoja basi bei anapanga yeye. Kwa hiyo tafuteni wachuuzi watatu au wanne mapema, bei ikubaliwe kabla maji hayajatoka, mizani na barafu viwepo pwani. Wadogo waachwe hata siku hiyo. La sivyo mtamaliza kwa siku mbili mlichokilinda miezi mitatu, na nimeona watu wakigombana kwa hilo.

Jambo jingine halisemwi sana. Anayeumia mwamba ukifungwa ni mama anayekwenda kwa miguu na kijiti chake. Mzamiaji mwenye ngalawa na miwani atakwenda mbali, mama hana pa kwenda. Mkichagua eneo bila akina mama, msishangae mwamba ukivunjwa usiku, na doria haitafua dafu.

Mkondo wa Pemba ni eneo la hifadhi tangu 2005, kwa hiyo msijifungie wenyewe kienyeji. Pitieni kamati ya shehia na maofisa wa uvuvi, tarehe zitangazwe hata kwa wavuvi wa dago.

Kijana wa ndoo nimemwambia aende kwenye kamati yake kabla ya bamvua lijalo, na amchukue mama yake. Huo mwamba anayeujua ni mama.