Radio bila mawe: bobini yake iwe na ukubwa gani?

Mjini Bunia na katika vijiji vya pembeni, kuna nyumba nyingi zenye radio isiyolia. Radio yenyewe ni nzima. Mawe yamekwisha, na pesa ya kununua mengine imeenda kwa unga na sabuni. Ndiyo maana habari ya radio isiyohitaji mawe, wala umeme, wala plaki ya jua, inarudiaga kila mara kati ya wanafunzi wa sekondari na mafundi vijana. Radio hiyo iko kweli. Inaitwa radio ya kristali, na imetumika duniani kwa zaidi ya miaka mia moja.

Lakini wengi wanaojaribu kuitengeneza wanaacha njiani. Wanatafuta waya ya shaba, wanaizungusha kwenye chupa au kopo, wanaunganisha kila kitu, kisha kimya. Mara nyingi shida inaanzaga kwenye bobini, ile waya iliyozungushwa, ambayo wenzetu wa Kenya na Tanzania wanaiita koili. Ikiwa ndogo mno au kubwa mno, haifiki kwenye stesheni inayotafutwa. Na kwa sababu waya ya shaba ni pesa, ni heri kupima kwanza, kuzungusha baadaye.

Nguvu inatoka wapi?

Mnara wa stesheni unatuma nguvu hewani. Waya ndefu iliyotandikwa juu, yaani antena, inakamata kidogo ya nguvu hiyo. Bobini na kondensateri zinachagua wimbi moja kati ya mengi. Kristali, au diodi, inaachia umeme upite upande mmoja tu, na hapo sauti inatengana na wimbi lililoibeba. Kisikilizio kinapeleka sauti hiyo kwenye sikio. Hakuna kitu kinachoongeza nguvu. Kila kinachosikika kimetoka kwenye mnara wenyewe.

Ferdinand Braun wa Ujerumani aliona mwaka 1874 kwamba mawe fulani ya madini yanapitisha umeme upande mmoja kuliko mwingine. Mwaka 1904, Jagadish Chandra Bose wa India alipewa hati ya uvumbuzi Marekani kwa kifaa cha kukamata mawimbi kwa jiwe la galena. Kongo pia imo katika historia ya radio: kituo cha Laeken, karibu na Brussels, kilichorusha muziki hewani tarehe 28 Machi 1914, kilikuwa kimejengwa kwa ajili ya telegrafu bila waya kati ya Ubelgiji na Kongo. Na mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari waliokuwa kwenye mahandaki ya Anzio, Italia, walitengeneza radio za namna hii kwa wembe na risasi ya kalamu.

Wachimbaji wa dhahabu wa Ituri wanajua jiwe linalong'aa sawa dhahabu, kumbe si dhahabu. Ni piriti. Jiwe hilo nalo, likiguswa na ncha ya waya nyembamba mahali panapofaa, linaweza kufanya kazi ya diodi.

Kwanza: itashika nini Bunia?

Hapa ni lazima kusema wazi. Stesheni nyingi zinazosikilizwa Bunia leo, kama Radio Okapi na Radio Candip, ziko kwenye FM, kati ya megahezi 88 na 108. Radio ya kristali ya kawaida haishiki FM. Inashika AM: mawimbi ya kati, kati ya kilohezi 530 na 1600 hivi, na mawimbi mafupi yaliyo juu yake.

Zamani Radio Candip, yenye uhusiano na chuo cha ISP Bunia, ilijulikana kwa wasikilizaji wa mbali kwenye mawimbi mafupi, karibu kilohezi 5066. Kwa nyumba iliyokuwa karibu na mnara wake, radio ya kristali ingetosha. Kwa stesheni za mbali, usiku ndio wakati mzuri, sababu mawimbi ya kati yanasafiri mbali zaidi jua likizama. Hata hivyo antena lazima iwe ndefu, na sauti itakuwa ndogo.

Kwa hiyo radio hii isitegemewe kwa matangazo ya usalama. Familia inayoishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani, ikitaka kujua njia gani iko salama au chanjo inatolewa wapi, inahitaji radio ya FM yenye plaki ndogo ya jua au ya kuzungusha kwa mkono. Radio ya kristali ni ya kujifunza, na ya kusikiliza AM pale inapofika.

Bobini na kondensateri ni sawa ngoma

Ngoma kubwa inatoa sauti nzito, ndogo inatoa sauti nyembamba. Ndivyo ilivyo hapa. Bobini kubwa pamoja na kondensateri kubwa zinaitikia mawimbi ya chini, kama kilohezi 530. Ukipunguza moja kati ya hizo mbili, radio inapanda kwenda kilohezi 1000, 1600 na zaidi. Kwa hiyo haiwezekani kuchagua ukubwa wa bobini kabla ya kujua kondensateri ulizo nazo.

Radio kubwa za zamani zilikuwa na kondensateri ya mabati yanayoingiliana, yenye kufika pikofaradi 365 hivi. Ukiwa na hiyo, bobini inahitaji mikrohenri 250. Kondensateri ikifunguka mpaka pikofaradi 40, bobini ileile inafika karibu kilohezi 1600. Mawimbi yote ya kati yanapatikana kwa bobini moja.

Radio ndogo za transista zina kondensateri ya plastiki. Nyingi kati ya hizo, sehemu zake mbili za AM zikiunganishwa, zinafika pikofaradi 200 tu. Hapo mikrohenri 250 hazitoshi kufika chini. Zinahitajika karibu 450. Huyu ndiye adui aliyejificha: kijana anafuata mchoro wa kitabu vizuri kabisa, lakini kondensateri yake si ile ya kitabu.

Hesabu yenyewe

Mwaka 1928 Mmarekani Harold Wheeler alitoa hesabu nyepesi ambayo mafundi wanaitumia mpaka leo. Kwa sentimetri inaandikwa hivi:

L = 0,394 × r × r × N × N ÷ (9r + 10u)

L ni ukubwa wa bobini kwa mikrohenri. r ni nusu ya upana wa tiyo. N ni idadi ya mizunguko ya waya. u ni urefu wa sehemu iliyozungushiwa waya.

Tuchukue mfano wa tiyo ya plastiki ya milimetri 63 na waya ya shaba yenye vernisi, unene milimetri 0,6. Mzunguko mmoja, pamoja na vernisi na nafasi kidogo, unachukua milimetri 0,65. Mizunguko 68 inachukua sentimetri 4,4. Nusu ya upana wa tiyo ni sentimetri 3,15. Ukiweka namba hizo ndani ya hesabu, unapata karibu mikrohenri 250.

Kwa waya hiyohiyo, na kwa kutafuta mikrohenri 250 zilezile, tiyo nyingine zinatoa hivi:

- Tiyo ya milimetri 32: mizunguko 180, urefu sentimetri 11,7, waya mita 18.
- Tiyo ya milimetri 63: mizunguko 68, urefu sentimetri 4,4, waya mita 13,6.
- Tiyo ya milimetri 75: mizunguko 56, urefu sentimetri 3,6, waya mita 13,2.
- Tiyo ya milimetri 110: mizunguko 40, urefu sentimetri 2,6, waya mita 13,8.

Mtu angefikiri tiyo nyembamba itapunguza waya. Kumbe ndiyo inayokula waya nyingi kuliko zote. Na waya ikiwa ndefu, inapoteza nguvu zaidi njiani, na stesheni mbili zinachanganyika kwa urahisi. Tiyo pana sana nayo haileti faida tena. Sheria rahisi ya kukumbuka: upana wa tiyo uwe kati ya mara moja na mara mbili na nusu ya urefu wa sehemu yenye waya. Kwa kazi ya Bunia, tiyo ya 63 au ya 75 iko sawa.

Mwenye kondensateri ndogo ya pikofaradi 200 atumie tiyo ya 63 na mizunguko 106. Hiyo inampa karibu mikrohenri 450.

Na mwenye kutaka mawimbi mafupi, karibu na kilohezi 5000, hahitaji waya nyingi: mizunguko 10 kwenye tiyo ya 63, iliyoachana kidogo ili ijaze sentimetri moja, ni mikrohenri 10. Pamoja na pikofaradi 100 inafika pale.

Ukikosa chombo cha kupima waya

Waya yenye vernisi inapatikana kwa mafundi wanaobobina mota za pompi na za vinu vya unga, ama ndani ya transfoma iliyoungua. Lakini wengi hawajui unene wake. Zungusha waya mara 20 kwenye kalamu, mizunguko igusane bila kupandana. Pima kwa rula, gawanya kwa 20. Ukipata milimetri 13, kila mzunguko unachukua 0,65.

Unene huo unabadilisha hesabu. Kwa waya ya milimetri 0,4, kwenye tiyo ileile ya 63, mizunguko 60 inatosha kwa mikrohenri 250, sababu mizunguko imekaribiana zaidi. Anayenakili namba 68 bila kupima waya yake atapitiliza.

Mambo yanayoharibu bobini nzuri

Kopo la maziwa ya unga liko na ukubwa mzuri, lakini ni chuma. Chuma kinakunywa nguvu yote ya bobini. Tumia plastiki, karatasi ngumu au mwanzi mkavu. Mwanzi na karatasi vinavuta maji wakati wa mvua, kwa hiyo vipakwe nta ya mshumaa au vernisi kabla ya kuzungushiwa waya.

Waya izunguke upande mmoja tu, mwanzo mpaka mwisho. Kila baada ya mizunguko 10, toa kitanzi kidogo. Antena ikifungwa moja kwa moja juu ya bobini, yenyewe inafanya kazi ya kondensateri nyingine na kushusha radio chini ya stesheni iliyotafutwa. Kwa vitanzi unaweza kuihamisha mpaka upate pale inapolia vizuri. Juu ya hesabu, ongeza mita moja ya waya kwa ajili ya vitanzi na ncha.

Ncha zote zikwanguliwe kwa wembe mpaka shaba ing'ae. Vernisi haionekani sana, lakini inazuia umeme kabisa.

Tena, ekuteri za simu hazifai. Zina omu 32 hivi, na radio hii haina nguvu ya kuzisukuma. Inatakiwa kisikilizio cha omu 2000 au zaidi, ama kile kidude cha mviringo cha shaba kinacholia ndani ya saa ya alarmu, kikifungwa pamoja na rezista ya kilo-omu 47 mpaka 100. Kwa diodi, tafuta ya jermanium kutoka radio ya zamani. Zile za silisi za kwenye chaja zinahitaji karibu volti 0,6 kabla ya kufunguka, na antena ya kawaida haitoi hiyo.

Antena na usalama

Antena ya mita 20, iliyo juu na mbali na nyaya za umeme, pamoja na waya nyingine iliyofungwa kwenye chuma kilichozikwa ardhini penye ubichi, ndiyo nusu ya radio. Isipitishwe juu wala chini ya waya ya umeme hata mara moja. Mawingu yakijikusanya, ifunguliwe kutoka kwenye radio na iunganishwe na ile ya ardhini, nje ya nyumba. Radi ya Ituri haibishi hodi.

Jimbo liliwekwa chini ya etat de siège tangu tarehe 6 Mei 2021, na waya ndefu juu ya paa inaweza kuleta maswali. Ni busara kumwambia chef wa avenue kabla ya kuitandika, na kumwonyesha hata bobini yenyewe. Radio ya kristali haitumi kitu hewani, inasikiliza tu.

Shule ikiwa na tiyo ya sentimetri kumi, mita 15 za waya na kondensateri moja ya radio iliyokufa, darasa zima linaweza kufanya hesabu ya Wheeler ubaoni, kuzungusha, kisha kuona usiku kama namba ilisema kweli. Wakikuta stesheni imetokea juu mno, waongeze mizunguko mitano. Ikitokea chini mno, wapunguze mitano. Kwa mizunguko hiyo michache, wanafunzi watajua namna kila radio duniani inavyochagua sauti moja kati ya nyingi.